Ua Nililolijua Likiwa Kavu

"Unataka ya rangi gani, Mwalimu?" Kiambi aliniuliza.

"Rangi ya chai iliyozidi maziwa."

Alinitazama vilevile alivyokuwa akiutazama ubao mwaka wa 1994, nilipokuwa nikimfundisha Kilimo darasa la saba kule Kibirichia, naye akishika nambari thelathini na tisa kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Sasa ana kitalu cha miche kando ya barabara hapa Kiirua, ana wafanyakazi wanne na simu mbili, na watu wanatoka Meru mjini kuja kununua maua kwake. Mungu hamtupi mja wake.

"Maua ya hetha ya rangi hiyo hakuna, Mwalimu," akasema. "Niko na white, niko na pink, niko na purple, na hii ingine ya majani ya dhahabu. Hiyo yako ya chai labda ilikuwa imekauka."

"Ilikuwa imekauka. Zote zilikuwa zimekauka. Sijawahi kuona hata moja ikiwa hai."

Binti yangu Makandi, aliyenileta kwa gari lake na ambaye alitakiwa ofisini kabla ya saa nane, alitazama saa. Nikafungua Biblia niliyokuwa nimeikwapata, nikatoa bahasha, na ndani ya bahasha nikatoa kijiti. Kilikuwa na urefu wa kidole changu, chenye vijani vyembamba vya kuchoma na vikengele vidogo vya maua, saba vilivyobaki. Kiambi aliinama akakitazama bila kukigusa. Namshukuru kwa adabu hiyo, maana kingine kama hicho sina.

Afadhali nieleze kijiti kilikotoka, la sivyo mtaniona kikongwe aliyerukwa na akili.

Jina langu ni Wambeti. Nyumbani kwetu ni Embu, juu ya Manyatta, karibu na msitu. Mwaka wa 1974 nilikuwa mwalimu asiye na cheti, mwenye viatu jozi moja na kiburi cha jozi tatu. Naftaly alikuwa kijana wa Kimeru aliyebeba mizigo ya watalii kupanda Mlima Kenya. Tulikutana kwenye arusi ya binamu yangu, tukazungumza muda wa kikombe kimoja cha chai, na majuma mawili baadaye nikapata barua iliyotumwa kutoka Nanyuki. Kimeru chake na Kiembu changu vinasikilizana vizuri, lakini kwenye karatasi kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba alisoma, basi akaniandikia kwa Kiswahili. Ndani ya karatasi alikuwa ameweka kijiti cha maua ya huko juu. Kilikuwa kimekauka kabisa, na mhuri wa posta ulikuwa umekiponda upande mmoja.

Sasa sikilizeni ujinga wa msichana mwenye kiburi. Kiswahili cha Naftaly kilikuwa kibovu. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaisahihisha barua yake mstari kwa mstari, nikampa alama sita kwa kumi, nikamrudishia. Nilidhani atakasirika aniache. Akaandika nyingine, na ndani yake kijiti kingine. Miaka minne tulikwenda hivyo. Barua zake nilizirudisha zote zikiwa na wino mwekundu, lakini vijiti nilivibakiza. Niliviweka kwenye Biblia na sikumwambia mtu yeyote, hata yeye. Miaka ilivisaga kimoja kimoja, kikabaki hiki.

Mwaka wa 1978 mpagazi mwenzake alikufa kwa baridi kule juu. Nilimwambia Naftaly achague, mlima au mimi. Akanichagua mimi, tukafunga ndoa kanisani, akanileta Kibirichia, akawa mkulima wa viazi mpaka mwisho wa maisha yake. Hakupanda tena mlima. Kila asubuhi, akitoka kwenda kukamua, alikuwa akisimama kidogo mlangoni na kuutazama ukiwa haujavaa mawingu. Mimi nilikuwa nikimwambia ng'ombe hawakamuliwi kwa macho.

Mara moja tu alilizungumzia ua lile. Nadhani ilikuwa 1986, mvua zikikaribia. Alisema, "Mama Makandi, nataka nipande juu siku mbili na ndoo, nikuletee moja na mizizi yake. Tuipande hapo chini ya dirisha la jikoni." Nilikuwa nikichagua mbegu za viazi. Sikuinua hata kichwa. "Nani atakula maua?" nikamwambia. Alicheka, akachukua jembe, akatoka. Hakulitaja tena kwa miaka thelathini na mitano, na mimi sikukumbuka kwamba nilikuwa nimemnyima kitu.

Alifariki Januari mwaka jana. Hata siku ya kumzika ukulima haukuniacha. Vijana walipoanza kuchimba kaburi kule mwisho wa shamba, niliamuru udongo mweusi wa juu ubebwe kwa toroli urudishwe kwenye matuta ya viazi usipotee bure. Tulimfukia kwa ule mwekundu wa chini peke yake. Wifi zangu wananisema mpaka leo, na hawakosei sana.

Baada ya matanga nilifungua sanduku lake la bati, lile ambalo tulidhani lina hati za shamba. Hati zilikuwamo, na chini ya hati zilikuwamo barua zake zote, na wino wangu mwekundu juu yake. Nilikaa kitandani nikasoma. Kila barua ilimalizika kwa swali moja: "Je, ua ulipata?" Na kila mara nilikuwa nimepiga mstari nikaandika juu yake: "Je, ulilipata ua?" Basi. Sikumjibu hata mara moja. Katika barua ya mwisho alikuwa ameandika, "Iko siku nitakuletea moja yenye haijakauka, uone venye mimi huona." Hapo nilikuwa nimesahihisha makosa manne. Mtu alikuwa akiniahidi jambo, nami nikihesabu makosa yake.

Ndipo nilipotaka ua hilo. Nililitaka kwa hamu ambayo sikuwa nayo hata nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nililitaka likiwa hai, chini ya dirisha la jikoni, mahali pale alipopasema yeye. Mlima wenyewe siuwezi. Magoti haya yanahitaji kuombwa hata kuingia kanisani. Tena mimea ya kule ni ya serikali, huing'oi ukabeba.

"Hizi zako zinatoka mlimani?" nilimuuliza Kiambi.

"Zingine nilitoa kwa farm ya maua, zingine kwa mzungu mmoja mzee wa Timau akihama. Lebo zilioshwa na mvua, Mwalimu. Sasa gani ni gani, hata mimi sijui. Na mlimani sijawahi fika."

"Nambari thelathini na tisa," nikasema.

"Sasa nilikuwa wa thelathini na nane, Mwalimu," akajibu akicheka. "Term ya mwisho nilipanda."

Alinipitisha kwenye meza. Nyeupe ilikuwa ndefu, imesimama wima, maua yake madogo yamejaa mpaka juu. Ya waridi ilikuwa fupi na imetambaa, nzuri mpaka Makandi akasahau saa yake. "Mami, si uchukue hii tu? Look, inapendeza." Ya zambarau ilikuwa na vichipukizi ambavyo, Kiambi alisema, havifunguki maisha yao yote, ndiyo maana hukaa na rangi miezi mitatu. Ile ya majani ya dhahabu haikuwa na ua lolote kwa wakati huo. Nilisogeza kijiti changu karibu na kila moja. Vijani vilifanana, vikengele vilikaribia kufanana. Nilifumba macho nikajaribu kumwona Naftaly akiwa kijana, amesimama kwenye baridi na mzigo mgongoni, anainama kuchuma. Uso wake niliuona. Mkononi mwake sikuona rangi.

"Nipe moja ya kila aina," nikasema.

Kiambi alizifunga kwenye gazeti. "Mwalimu, kitu moja tu. Hii mti haitaki kubembelezwa. Usiweke mbolea, usiweke samadi, na chokaa usijaribu. Inataka udongo maskini, wa uchungu."

Nilimjibu kwamba mimi nilikuwa nikifundisha habari za chokaa kabla meno yake ya utotoni hayajang'oka. Makandi alinivuta mkono tukaondoka.

Hapa lazima niseme jinsi sisi watu wa Kibirichia tulivyo. Udongo wetu una tindikali, na viazi vikikosa chokaa na mbolea vinatoka vidogo. Kwa hiyo kila msimu tunanyunyiza. Miaka thelathini Naftaly alitangulia na karai la chokaa akitupa kwa mkono, nami nikimfuata nyuma nikisema, hapa umeruka, pale ongeza. Hakuna pembe ya shamba letu iliyosalimika, hata nyuma ya choo, hata chini ya dirisha la jikoni. Kwetu kitu unachokipenda unakilisha. Siwezi kumpokea mgeni nikamwacha na njaa, na siwezi kupanda mche nikaunyima chakula.

Nilichimba mashimo manne chini ya dirisha. Kila shimo nilitia samadi iliyooza vizuri, kiganja cha mbolea ya DAP na, Mungu anisamehe, konzi ya chokaa. Nilijiambia kwamba Kiambi alikuwa hajui tofauti ya konzi moja na gunia. Nikamwagilia maji asubuhi na jioni. Nilikuwa nikizungumza nazo, jambo ambalo majirani waliliona. Niliziambia, haya, yupi kati yenu ndiye?

Ile ya dhahabu ilioza kabla ya mwezi kwisha, ikawa nyeusi. Ya zambarau ilifuata. Nyeupe ilijitahidi mpaka Juni, halafu vijani vyake vikaanza kubadilika kutoka chini kwenda juu, na kila nilipoona hivyo niliongeza samadi. Ya waridi peke yake ilinenepa. Kiambi aliniambia baadaye kwamba aina hiyo huvumilia chokaa. Ilitambaa ikajaza dirisha zima kwa madaha ya mke mwenza.

Makandi alikuja mwisho wa Julai, akanikuta nimeketi kwenye ngazi ya jikoni.

"Mami, moja imeshika," alisema kwa upole. "Na ni ile nzuri zaidi. Kwani lazima iwe ile ile?"

"Lazima."

"Hata hujui ni gani."

Hilo lilikuwa kweli na liliniuma. Kisha akaniambia lililomleta. Yeye na ndugu zake walikuwa wamepata fundi. Jumamosi ya juma lile wangelijengea kaburi saruji na vigae, liwe tayari kabla ya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, maana watu walikuwa wakiuliza. Nilimwambia sawa. Sikuwa na nguvu ya kubishana kuhusu vigae.

Alipoondoka nilichukua jembe nikang'oe maiti zangu. Nilianza na ya dhahabu, nikaitupa. Ya zambarau ilikuwa imekauka ikawa na rangi ya kutu. Nikashika shina la nyeupe, nikavuta, nikasimama.

Maua yake hayakuwa yameanguka. Yalikuwa yote juu ya matawi, vikengele vidogo mamia kwa mamia, na weupe wao ulikuwa umegeuka rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Niliingia ndani nikaleta Biblia. Nilitoa kijiti cha Naftaly nikakilaza katikati ya tawi lile kavu, nikaondoa mkono wangu, na kwa dakika nzima sikuweza kukiona tena. Ilibidi nikitafute kwa ule upande uliopondwa na mhuri wa posta. Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye udongo nikalia kwa sauti, mwanamke wa miaka sitini na saba. Nilikuwa nimelipata, na nilikuwa nimeliua kwa mikono yangu, kwa kulilisha. Nisingelitambua kama nisingeliua.

Kesho yake nilipanda boda boda mpaka Kiirua. Kiambi alinisikiliza hadi mwisho. Sikumficha habari za konzi ya chokaa. Hakucheka, ingawa haki ya kucheka alikuwa nayo.

"Nyeupe imebaki moja tu," akasema. "Nakupatia, Mwalimu, lakini ukirudisha kwa hiyo shimo, itakufa tena. Chokaa haitoki leo wala kesho. Huna mahali kwa shamba hapajawahi kuonja chokaa? Hata kidogo tu?"

"Hapana," nikamwambia. "Mume wangu alikuwa mtu makini."

"Hata udongo wa chini kabisa? Ule mwekundu wa kuchimbwa, wenye hata majani haimei?"

Nilichukua mche wangu nikaupakata njia nzima, na mwenye boda boda nikamwambia aende polepole.

Sikupita nyumbani. Nilishuka moja kwa moja mpaka mwisho wa shamba. Viazi vilikuwa vimestawi pande zote, na katikati yake kilima cha Naftaly kilikuwa chekundu na kitupu, hata gugu moja halikuwa limeota. Ubahili wangu ulikuwa umelinda udongo huo. Nilipiga magoti, nikachimba kwa mikono, sikutia kitu, nikapanda upande wa kichwani.

Ijumaa jioni nilimpigia Makandi simu nikamwambia fundi asije.

"Mami, saruji imeshaletwa! Iko kwa store ya Mithika."

"Ndugu yako Mithika ajengee zizi la ng'ombe. Saruji ina chokaa, mwanangu. Itaua."

"Itaua nini?"

Nikamwambia.

"Watu watasema tumemtupa baba kwa mchanga kama mtu hana watoto," akasema, na nilisikia kwamba analia.

"Watasema," nikamjibu. "Nami watanisema zaidi, nimezoea. Makandi, baba yako aliniomba kitu kimoja tu katika ndoa yetu yote, nikamuuliza nani atakila. Niachie hiki."

Januari watu walikuja kwa ibada. Walitazama rundo la udongo lisilo na vigae, na kando ya msalaba wa mbao kijiti cha kijani kisichofika goti. Mchungaji alisifu viazi. Wifi zangu walitazamana. Nilisimama wima na kitambaa changu kichwani na sikumweleza mtu.

Sikuutilia mche ule kitu. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika shamba lile. Wakati wa kiangazi nilikuwa nikishuka na kikombe cha maji kimoja, nikimwaga nusu, na nusu nikirudi nayo nisije nikashawishika. Mara mbili nilijikuta nimeshika koleo la samadi, nikalirudisha.

Mwaka huu, mwisho wa Agosti, asubuhi yenye baridi ya kuuma masikio, nilishuka nikakuta limefunguka.

Nyeupe ya kitaluni nilikuwa nimeiona, lakini nilikuwa nimeiona kama mteja anayelinganisha bidhaa. Hii niliiona. Vikengele vilikuwa vyeupe kiasi kwamba vilikuwa na kivuli cha buluu ndani, na kila kimoja kilikuwa na tone la umande, na harufu yake ilikuwa ya asali. Miaka minne ya bahasha, sikuwahi kujua kwamba linanukia. Nyuki walikuwa wamefika kabla yangu. Niliinua macho, na mlima ulikuwa wazi mpaka juu kabisa, na nikajua kwamba hiki ndicho alichokuwa akikiona alipoinama na mzigo mgongoni, na kwamba kila mara alichuma kitu kizuri namna hii akanitumia, nami nikapokea makapi nikamrudishia alama sita.

Sikulichuma. Nilitoa mfukoni barua yake ya mwisho, ambayo nilikuwa nikitembea nayo tangu mvua, na kalamu ya buluu. Magoti yaliniuma lakini niliyapiga hapo hapo kwenye udongo mwekundu, nikaiweka barua juu ya paja. Chini ya swali lake, chini ya mstari wangu mwekundu, nafasi ilikuwa imebaki.

"Nimelipata, Naftaly," nikaandika. "Lingali hai."